B1 si namba ya toleo

Leo tuache programu kidogo. Ukisikia "aflatoksini B1" usidhani ni toleo la kwanza. Mwaka 1960 batamzinga wapatao 100,000 walikufa Uingereza kwa kula karanga zilizoota kuvu. Kufikia 1963 wanakemia walikuwa wametenganisha sumu nne kwa kromatografia ya tabaka jembamba. B hung'aa buluu na G kijani chini ya mwanga wa urujuanimno. 1 hupanda juu kuliko 2.

Siri ni kiyeyushi. Silika kwenye bamba ni polari, hivyo hushika molekuli polari. G1 ina oksijeni moja zaidi ya B1, basi hushikwa zaidi. Fikiria matatu ya Waiyaki Way: klorofomu tupu ni dhaifu, abiria wote wanashukia Westlands. Zidisha methanoli, wote wanafika Kikuyu pamoja. Tia kidogo tu, mmoja anashuka Westlands, mwingine Kangemi, mwingine Uthiru, na B1 anafika mbele yao.

Huyo wa mbele ndiye mkali kuliko wote. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125 Makueni, Kitui na wilaya jirani. Sumu isiyotenganishwa haipimiki vizuri, na mahindi yasiyopimwa huishia kwenye sufuria ya ugali.