Chenga za mchele, chenga za kioo

Fundi wa televisheni akisema picha "ina chenga", ameazima neno jikoni. Chenga ni punje zilizovunjika, zile mama anazozitenga mchele unapopetwa, na kweli kioo chenye chenga hufanana na ungo unaotikiswa. Nalipenda neno hili kwa sababu linapima hitilafu.

Chukua deki ya VHS iliyounganishwa na televisheni bapa kupitia kigeuzi cha HDMI. Ukiona chenga, shukuru: waya na kigeuzi vinapitisha picha, kwa hiyo safisha kichwa cha deki au jaribu mkanda mwingine. Kioo kikiwa cheusi au buluu tupu, hizo si chenga. Hapo huenda kigeuzi hakipokei kitu; tazama kama kina umeme, na kama waya wa njano umechomekwa kwenye tundu la kutolea picha la deki, si la kuingizia. Picha isiyo na rangi, au inayopanda na kushuka, ni jambo la tatu: mara nyingi mkanda ni wa mfumo wa NTSC, mistari 525, na kigeuzi kimewekwa PAL, mistari 625.

Vijana wanaita yote hayo "kuskrachi". Kwa neno hilo fundi hapati pa kuanzia.