Jangili ana sinema, Kinjikitile je?



Kuna sinema ya mwaka 1976 inaitwa Shout at the Devil. Wachezaji wakuu ni Lee Marvin na Roger Moore. Siku niliyoiona nilikaa vizuri kitini, maana kisa ni cha kwetu: delta ya Rufiji, Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kijerumani imejificha kwenye mikoko. Ila delta yenyewe humo hamna. Walipigia picha Afrika Kusini na Malta!

Shujaa wa sinema hiyo ni jangili. Anaua tembo, anauza pembe, anawachezea Wajerumani, na mwishowe anaingia kwenye mpango wa kuilipua manowari. Ni mtu wa kubuni, katoka kwenye riwaya ya Wilbur Smith ya mwaka 1968, lakini nyuma yake kuna historia. Manowari Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha Rufiji, na ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915. Waingereza walisaidiwa kuitafuta na P.J. Pretorius, mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini aliyekuwa na ugomvi wake na Wajerumani.

Sina wivu na jangili. Ninachouliza ni kwamba huko huko Rufiji Wajerumani walikuwa na mhalifu wao mwingine, mkubwa zaidi. Mbona yeye hatumwoni kwenye sinema?

Namzungumzia Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe.

Shuleni tulikariri kwamba alitoa maji ya kugeuza risasi kuwa maji, basi, tukafunga daftari. Maisha yake yana zaidi ya hapo. Wazee walisimulia kwamba mwaka 1904 alizama bwawani, ndugu zake wakamlilia, kesho yake akaibuka nguo zikiwa kavu. Watu waliochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu wakamiminika Ngarambe. Aliwapa maji, akawaambia wasubiri amri yake.

Hawakusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, vita ikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Yaani vita iliyobeba maji yake hakuiona hata wiki mbili! Iliendelea mpaka 1907, na kwa risasi na njaa waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Wenzetu Wafilipino hawaogopi watu wa namna hii. Asiong Salonga, mbabe wa mitaa ya Manila aliyeuawa mwaka 1951, alichezwa na Joseph Estrada katika sinema ya mwaka 1961. Estrada huyo huyo akaja kuwa rais mwaka 1998. Lakini hapo pana mtego: sinema ikimpenda mtu humwogesha, jambazi akatoka mweupe kama pamba.

Kinjikitile asiogeshwe. Asipewe mkuki na kuongoza vita ambavyo hakuviongoza. Tumwone akiwaambia watu wangoje, na watu wakikataa. Tumwone pia mama ambaye mwanawe aliyapaka maji yale na hakurudi. Ebrahim Hussein alishaonyesha njia mwaka 1969 katika tamthilia yake ya Kinjeketile: mtu mwenye mashaka, aliyebebwa na neno lake mwenyewe.

Hili si suala la burudani tu. Delta sasa iko wilaya ya Kibiti, na mtu wa mbali akisikia Kibiti anakumbuka mauaji ya 2017. Mtoto wa huko akiulizwa kwao kuna nini, ajibu mauaji, au jangili wa Lee Marvin? Hatujampa jibu la tatu.

Wenye kamera mpo? Mohoro ipo, Ngarambe ipo. Safari hii hakuna haja ya kwenda Malta.