Mungu Muumba Katika Nyumba za Wamwera

Nchi ya Wamwera, ambamo Lionja ni mojawapo ya vijiji vingi vya Nachingwea na Ruangwa, haikupokea habari za Muumba kwa mara ya kwanza kutoka kwa wageni. Wazee walimtaja Nnungu. Majirani zao Wayao walisema Mulungu, na Wamakua wakasema Muluku. Mwenye sikio atatambua mara moja kwamba majina haya ni ndugu wa neno letu la Kiswahili, Mungu. Kwa hiyo Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walipofungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895, na ile ya Nyangao mwaka uliofuata, hawakuwa na haja ya kumthibitishia mtu kwamba ulimwengu una mwenyewe. Twalisema hili wazi, kwa kuwa maandishi mengi ya zamani yalisimulia kana kwamba mioyo ya wazee wetu ilikuwa shamba tupu.

Jambo jipya lilikuwa lingine. Nnungu alikuwa juu na mbali. Waliosemeshwa siku za ukame na maradhi ni wahenga, kwa unga wa mtama uliomwagwa chini ya mti. Mafundisho ya Kikatoliki yalisema kwamba Muumba mwenyewe yu karibu, asikia, na yafaa aitwe Baba. Neno hilo, ambalo kwa mmisionari wa Kijerumani lilikuwa rahisi kuliko yote, lilikuwa na uzito wake mahali hapa. Mtoto wa Kimwera ni wa ukoo wa mama. Mwenye kauli juu ya ndoa yake, mashauri yake na msiba wake alikuwa mjomba. Baba aliheshimiwa, lakini mara nyingi aliishi kama mkwe katika kijiji cha watu. Kumwambia mtoto wa nyumba kama hiyo kwamba aliyeumba mbingu na dunia ni Baba kulihitaji mfasiri, na mfasiri huyo hakuweza kuwa padre apitaye mara chache kwa mwaka. Alikuwa mama, au bibi, au mjomba mwenyewe akiwa amebatizwa.

Historia nayo iliilazimisha familia kuubeba mzigo huo. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake njiani kuelekea Liwale, na misheni za Lukuledi na Nyangao zikateketezwa. Mwaka uliofuata Wabenediktini walianza upya huko Ndanda. Mwaka 1917 vita vya Wazungu vilifika kwetu. Mwezi wa Oktoba majeshi yalipigana vikali Mahiwa, karibu na Nyangao, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Mara mbili, basi, katika muda wa miaka kumi na miwili, kanisa la upande huu lilibaki bila mapadre wake. Imani iliyokutwa hai baadaye ilikuwa imehifadhiwa na walimu wa dini wenyeji na kando ya mafiga.

Yafaa tuitazame namna yenyewe ya kufundisha. Katekisimu ilikwenda kwa maswali na majibu yaliyoshikwa kwa moyo. Wapo wanaoidharau njia hii, wakiiita kasuku. Sisi hatukubaliani nao kabisa. Watoto waliozoea vitendawili vya jioni hawakuona ajabu kuulizwa na kujibu. Tofauti ni kwamba kitendawili humruhusu mtoto kukosea na kutoa mji, lakini swali la Muumba lilikuwa na jibu moja tu. Kazi ya bibi ilianzia pale jibu lilipoishia: mbona Mungu mwema ameumba na nyoka? Nani alimpa nguruwe mwitu shamba letu la mihogo? Hakuna kitabu kidogo kilichotosha kwa hayo, na mtoto aliyepuuzwa hapo alijua kwamba mkubwa wake naye amekariri tu.

Tena, nyumba hizi hazikuwa za dini moja. Baada ya Maji Maji, na hasa katika utawala wa Mwingereza, Uislamu ulienea sana katika vijiji vya kusini. Mjomba akawa Mwislamu na mpwawe Mkatoliki, wakila sinia moja. Juu ya Mungu mmoja aliyeumba vyote hawakuwa na ugomvi. Walipofika kwenye Baba na Mwana walinyamaza, au walitaniana. Nyamazo hilo lilikuwa elimu pia, ingawa mapadre na masheikh hawakulifurahia sana.

Kanisa lenyewe lilichelewa kuliandika lile ambalo nyumba zilikuwa zikilitenda. Jimbo la Nachingwea, liitwalo Lindi tangu 1986, liliundwa mwaka 1963. Miaka miwili baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao, na mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki waliweka jumuiya ndogondogo mbele ya shughuli nyingine. Tamko lile lilisema wazazi. Katika nchi ya Wamwera anayelisoma hana budi kumwongeza mjomba, ambaye hata leo huitwa kwanza mtoto anapotaka kuoa au kuolewa, na ambaye huenda asiwe Mkatoliki.