Matumbawe ya Pwani: Kati ya joto la dunia na nyavu za wavuvi

MKENYA yeyote aliyekuwa na umri wa kukumbuka mambo mnamo 1997 na 1998 hahitaji kuelezwa mvua za El Nino zilikuwa nini. Madaraja yalisombwa, barabara zikakatika, mashamba yakageuka madimbwi, na tangu hapo neno hilo limekuwa jina la kila mvua kubwa. Lakini kuna maafa mengine ya msimu uo huo ambayo hayakupigwa picha nyingi, kwa sababu yalitokea mahali ambapo macho ya wengi hayafiki. Kati ya Machi na Mei 1998, matumbawe ya Pwani yetu yaligeuka meupe pepepe chini ya maji, na wiki chache baadaye mengi yakafa. Katika sehemu nyingi za mwamba wa Kenya, kati ya asilimia 50 na 90 ya matumbawe yaliyokuwa hai yaliangamia.

Ili kuelewa kilichotokea, lazima kwanza tuondoe dhana moja iliyozoeleka. Wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Si jiwe, wala si mmea, ingawa hushika mahali pamoja kama mti. Ni kundi la wanyama wadogo mno walioshikamana, kila mmoja akijijengea kikombe cha chokaa cha kukalia. Wanapokufa, vikombe hubaki, na kizazi kipya hujenga juu yake. Mawe yaliyojengewa Ngome ya Yesu kuanzia 1593, nyumba za Mji wa Kale wa Lamu na magofu ya Gedi yote yametokana na kazi ya wanyama hawa. Kwa maana hiyo, Mswahili ameishi ndani ya nyumba iliyojengwa na tumbawe kabla hajaingia baharini kuvua samaki wake.

Mwamba wenyewe umelala sambamba na ufuo kwa takriban kilomita 200, kutoka Malindi hadi upande wa Vanga, ukikatizwa tu pale penye hori na midomo ya mito. Mawimbi ya bahari kuu huvunjikia hapo, na nyuma yake kuna maji matulivu ambamo mvuvi asiye na mashine huweza kutega dema lake, kutafuta pweza maji yanapokupwa, na kurejea nyumbani na changu, tafi au pono. Duniani kote, miamba ya aina hii imefunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini takriban robo ya aina zote za viumbe wa baharini huitegemea kwa namna moja au nyingine.

Rangi za tumbawe si zake. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho matupu, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho. Ni ujirani wa kufaana. Maji yanapopata joto kupita kiasi, ujirani huo huvunjika: mwani huanza kutoa kemikali zenye kudhuru, na tumbawe humfukuza mpangaji wake. Kinachosalia ni ngozi angavu juu ya chokaa nyeupe. Tumbawe lililopauka bado halijafa, lakini lina njaa. Joto likipungua mapema, mwani hurudi. Likiendelea, huo ndio mwisho wake. Na joto linalohitajika si kubwa. Nyuzi 1 tu ya Selsiasi juu ya kiwango cha kawaida cha mwezi wenye joto zaidi, ikidumu kwa wiki nne hivi, yatosha kuyapausha.

Samaki mmoja na nungu wengi

Hata hivyo, mwamba wa Kenya haukuwa na afya njema joto hilo lilipoufikia. Mkono mwingine ulikuwa umeanza kazi miaka mingi kabla, na huo haukutoka mbali.

Anayetembea mwambani maji yakiwa yamekupwa humjua yule mnyama wa mviringo mwenye miiba, anayefanana na nungunungu aliyejikunja, ambaye miiba yake huvunjikia ndani ya unyayo na kumlaza mtu kwa siku kadhaa. Tumwite nungu wa baharini. Ana meno matano magumu chini ya tumbo, na kwa meno hayo hukwangua mwani unaoota juu ya mwamba. Lakini hakwangui mwani peke yake; humeza na chokaa pia. Wakiwa wachache, hawana madhara na hata wana faida. Wakiwa wengi, wanaweza kuusaga mwamba haraka kuliko matumbawe yanavyoujenga.

Nani huwazuia wasizidi? Hasa ni kikande, samaki mwenye ngozi ngumu na mdomo mdogo wenye nguvu, aishiye mapangoni na ambaye akitishwa hujipachika shimoni kwa mwiba wa mgongoni hadi asiweze kuvutwa. Kikande humpindua nungu na kumshambulia upande wa tumbo, pasipo na miiba mirefu. Ni kazi ambayo samaki wachache huiweza.

Bahati mbaya ni kwamba kikande hana woga. Huufuata mtego na chambo upesi kuliko wengine, kwa hiyo huwa miongoni mwa wa kwanza kumalizika uvuvi unapozidi. Tim McClanahan wa shirika la Wildlife Conservation Society, ambaye amechunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, pamoja na wenzake, walilinganisha sehemu zinazovuliwa, kama vile Diani, Kanamai na Vipingo, na hifadhi za baharini ambako uvuvi umekatazwa. Tofauti ilikuwa dhahiri. Palipovuliwa sana, kikande alikuwa adimu na nungu walikuwa wametapakaa. Katika hifadhi kongwe za Malindi na Watamu, zilizotangazwa 1968 na ambazo ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika, nungu walikuwa wachache.

Kilichowashangaza zaidi watafiti ni muda unaohitajika kurekebisha kosa hilo. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa 1986, na uvuvi ulipokomeshwa ndani yake miaka michache baadaye, samaki wa kawaida waliongezeka upesi. Kikande hakufanya hivyo. Makadirio ya watafiti ni kwamba samaki huyu huhitaji takriban miaka 30 kurejea katika idadi yake ya asili. Yaani mvuvi anayemmaliza leo humnyima mwanawe, si jirani yake.

Mbaya zaidi ni juya, wavu unaoburutwa sakafuni ukikusanya kila kitu, wakubwa kwa wachanga, na kuvunja matumbawe njiani. Serikali ililipiga marufuku mnamo 2001, pamoja na bunduki za kuchomea samaki. Ni rahisi kuandika sheria hiyo ukiwa ofisini Nairobi. Kijana asiye na mtumbwi wala dema huona juya ndilo lenye kumpa mgao wa siku bila mtaji, na haishangazi kwamba marufuku hiyo imevunjwa mara nyingi. Kanuni za mwaka 2007 zilizoanzisha kamati za usimamizi wa fuo, zinazojulikana kwa herufi BMU, angalau zilikiri kwamba anayeweza kumzuia mvuvi ni mvuvi mwenzake.

Tope la Sabaki

Si kila kinachoudhuru mwamba hutoka ufuoni. Mto Athi huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, ukapita Ukambani, ukaitwa Galana, na hatimaye Sabaki unapoingia baharini kaskazini mwa Malindi. Wakati wa mvua, bahari ya hapo hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Huo ni udongo wa mashamba ya watu. Tope huziba mwanga ambao mwani wa matumbawe unauhitaji, na likitua juu ya tumbawe humlazimu mnyama huyo kutumia nguvu zake kujisafisha.

Kuna ushahidi wa ajabu wa jambo hili. Tumbawe kubwa la mviringo huongeza tabaka moja ya chokaa kila mwaka, kama mti unavyoongeza duara ndani ya shina lake, na hunasa ndani yake alama za maji ya mwaka huo. Wanasayansi walichoboa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300 na kupima ndani yake madini ya bari, yanayoletwa na udongo wa mtoni. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2007, yanaonyesha hali tulivu katika karne ya 18 na ya 19, kisha ongezeko kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, wakati walowezi walipoanza kufyeka ardhi ya bara, na ongezeko jingine baada ya miaka ya 1940. Historia ya ardhi ya Kenya imeandikwa baharini, na mwandishi wake hajui kusoma.

Joto lisilojua mpaka

Turudi sasa kwenye joto. El Nino ni jambo la kiasili ambalo huja na kuondoka, lakini siku hizi huja juu ya bahari ambayo tayari imepashwa. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na hewa ya kaboni na gesi nyingine tunazotoa angani huishia baharini. Bahari pia humeza takriban robo ya hewa ya kaboni yenyewe, na kwa sababu hiyo asidi katika maji yake imeongezeka kwa karibu asilimia 30 tangu enzi za viwanda zianze. Maji ya namna hiyo humwia vigumu kila kiumbe anayejenga kwa chokaa, awe tumbawe, chaza au konokono. Hata kasa hawakusalimika: kwao joto la mchanga ndilo huamua jinsia ya kifaranga ndani ya yai, na mchanga wenye joto zaidi huangua majike matupu.

Tangu 1998, upaukaji wa dunia nzima umetokea tena 2010, kisha kati ya 2014 na 2017, na wa nne ukathibitishwa Aprili 2024. Matumbawe ya Kenya yalipauka tena 2016 na 2024. Ripoti ya jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa ya 2018 ilionya kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 1.5 zaidi ya lile la kabla ya viwanda, asilimia 70 hadi 90 ya miamba ya matumbawe itapotea. Ikifika nyuzi 2, karibu yote.

Hapa ndipo ukuta wa hifadhi unapokosa maana. Mwaka 1998, matumbawe yaliyo ndani ya hifadhi za Kenya hayakuokolewa na ulinzi wa askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kwa kweli, yalipoteza zaidi, kwa kuwa ndimo yalimosalia kwa wingi matumbawe ya matawi, ambayo hukua haraka lakini huhimili joto kwa shida. Nchi ambayo mchango wake katika hewa ya kaboni ya dunia kutokana na kuchoma mafuta na makaa ya mawe haufiki asilimia 0.1 ilipoteza mwamba wake kwa moshi wa wengine. Hiyo ni dhuluma, na haifai kuitwa jina jingine.

Lakini tofauti huonekana baada ya mauaji, si wakati wake. Mche wa tumbawe, ambao huelea na maji kabla ya kuchagua makazi, hupenda kutua juu ya utando mgumu wa rangi ya waridi unaoota kwenye mwamba safi. Penye pono na tafi wa kutosha, mwani laini huliwa na mche hupata nafasi. Penye nungu wengi, utando huo hukwanguliwa na mche hukwanguliwa nao. Hata ndani ya hifadhi zetu kupona kumekuwa kwa kusuasua. Penye uvuvi usio na kipimo, mara nyingi hakuna kupona kwa kuzungumzia.

Wavuvi wa Kuruwitu, katika Kilifi, hawakungoja mikutano ya kimataifa. Mnamo 2005 walikubaliana kufunga eneo la takriban hekta 30 lisivuliwe kabisa, ingawa ilimaanisha kuacha sehemu ya bahari waliyoirithi kwa wazee wao. Uamuzi huo ulizua ugomvi baina yao, kwani tumbo halijui miaka 30. Samaki walirejea ndani ya eneo hilo, matumbawe yakaanza kuota upya, na mnamo 2017 kikundi hicho kikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vijiji vingine vya Pwani vimefuata mtindo huo.

Maji ya Pwani hufikia kilele cha joto Machi na Aprili, wakati wa maleleji, kaskazi ikiwa imelegea na kusi haijashika. Bahari hutulia kama kioo, na mgeni aliye hotelini huona ndio msimu mzuri kuliko yote wa kuogelea. Kwa watafiti na wavuvi wanaolinda maeneo yao, ni majuma ya kushuka na kipimajoto kila siku chache na kutazama kama rangi zimeanza kufifia. Kusi inapoanza kuvuma, maji hupoa, na ndipo wapiga mbizi hurejea mwambani kuhesabu yaliyosalia.