Selotepu iliyotoka kwenye pipa la taka

Leo naacha mambo ya programu kidogo, nataka tuzungumze juu ya penseli na selotepu. Msicheke, hadithi hii inaishia kwenye Tuzo ya Nobel.

Kwanza tuelewane. Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Kutengeneza vitu vya kipimo hicho kuna njia mbili. Unaweza kujenga, yaani unapanga atomu mpaka upate unachotaka. Ama unachukua kitu kikubwa, unakikata, unakisaga au unakibandua mpaka kibaki kidogo kabisa. Leo nahadithia hii ya pili.

Grafiti, ile nyeusi ya penseli, ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana kama karatasi kwenye rimu. Milimita moja ina matabaka kama milioni tatu. Tabaka moja peke yake huitwa grafini. Mwanafizikia Philip Wallace alishapiga hesabu zake mwaka 1947. Kazi ilikuwa kulitenga na kupima umeme wake.

Katika Chuo Kikuu cha Manchester, Andre Geim alimpa mwanafunzi wake wa uzamifu kipande cha grafiti na mashine ya kusugulia, akamwambia akipunguze kadiri awezavyo. Kijana alisugua mpaka kikabaki kichembe tu. Kupima, unene ni mikromita 10 hivi. Bado matabaka kama 30,000!

Mwenzao Oleg Shklyarevskii alikuwa akitumia grafiti kwa kazi nyingine. Watu wa kazi hiyo huisafisha kwa kubandika selotepu juu yake na kuibandua, uso mpya ubaki. Selotepu hutupwa. Inasemekana yeye aliiokota kwenye pipa la taka akawaonyesha. Geim alipoiangalia kwa hadubini aliona vipande vyembamba kuliko kile cha mashine.

Konstantin Novoselov akaishika kazi hiyo. Oktoba 2004 makala yao ilitoka katika jarida la Science, na mwaka 2010 yeye na Geim wakapewa Nobel ya Fizikia.

Niliposoma habari hii mara ya kwanza, nilikoleza penseli kwenye karatasi, nikabandika selotepu na kuibandua mara kumi. Nikawatangazia wenzangu kazini: mnaona, sayansi haitaki pesa! Nilikosea. Nilichopata ni doa la kijivu. Hata kama grafini ilikuwemo, ningeijuaje?

Manchester walihamishia vipande vyao kwenye bamba la silikoni lenye oksidi ya unene wa nanomita 300. Juu ya unene huo, hata tabaka moja la atomu hubadilisha rangi ya mwanga kidogo, likaonekana kwa hadubini ya kawaida. Mwaka 2007 Geim na Novoselov waliandika kwamba oksidi ikiwa nanomita 315, tabaka hilo linaweza lisionekane kabisa. Tofauti ni asilimia tano tu.

Tena selotepu hutoa vipande vidogo, kimoja kimoja, kwa mkono. Mwaka 2014 kundi la Jonathan Coleman huko Trinity College, Dublin, lilionyesha kwamba unga wa grafiti, maji na sabuni ya vyombo vikizungushwa kwenye blenda ya jikoni hutoa vipande vya matabaka machache. Lakini hapo pia kuvichambua na kuvipima kulihitaji maabara.

Kwa hiyo kubandua ni rahisi, hata mtoto anaweza. Gharama iko kwenye kuona ulichobandua. Siku mtu akikuambia maabara za vyuo vyetu hazihitaji vifaa kwa sababu Nobel ilipatikana kwa selotepu, muulize hivi: na hadubini je? Na lile bamba?

Haya, tukutane tena wiki ijayo.