Mitterrand: Rais wa Ufaransa aliyetawala miaka 14 akificha mengi

WANAWAKE wawili walisimama kando ya jeneza la François Mitterrand alipozikwa katika mji mdogo wa Jarnac mnamo Januari 11, 1996. Mmoja alikuwa mkewe, Danielle. Wa pili alikuwa Anne Pingeot, aliyezaa naye binti, Mazarine, ambaye pia alikuwepo pamoja na ndugu zake wa kambo.

Msomaji wa Kenya, aliyezoea kuona familia ya pili ikijitokeza mzee anapofariki, huenda asishangae. Lakini huyu alikuwa mtu aliyekaa ikulu miaka 14, muda mrefu kuliko rais mwingine yeyote wa Ufaransa. Mazarine, aliyezaliwa Desemba 1974, alilelewa kwa siri katika makazi ya serikali na kulindwa na maafisa waliolipwa kwa kodi ya raia. Umma haukumjua hadi jarida la Paris Match lilipochapisha picha zake mnamo Novemba 1994.

Usiri huo haukuishia nyumbani. Ulimfuata katika maisha yake yote ya kisiasa, na athari zake zilifika hadi eneo la Maziwa Makuu.

Mitterrand alizaliwa Jarnac, magharibi mwa Ufaransa, mnamo Oktoba 26, 1916, katika familia ya Wakatoliki yenye watoto wanane. Babake alifanya kazi katika shirika la reli kabla ya kuingia katika biashara ya siki. Kijana huyo alienda Paris mwaka 1934 kusomea sheria na siasa, na huko akajiunga na vijana wa mrengo wa kulia. Wale waliomjua baadaye kama kiongozi wa Wasoshalisti hawakupenda kukumbushwa jambo hilo.

Vita vilipozuka alikuwa mwanajeshi. Alijeruhiwa na kutekwa na Wajerumani mnamo Juni 1940, akatoroka katika jaribio lake la tatu mwishoni mwa 1941. Aliporejea Ufaransa aliajiriwa na serikali ya Vichy ya Marshal Philippe Pétain, iliyoshirikiana na Wajerumani, hata akatunukiwa nishani yake ya Francisque. Wakati huohuo alikuwa ameanza kujiunga na wapiganaji wa chini kwa chini dhidi ya Wajerumani, akitumia jina la Morland. Wanahistoria wangali wanajadili ni lini hasa moyo wake ulihama.

Mwandishi Pierre Péan alipoyaanika hayo katika kitabu mwaka 1994, taifa lilipigwa na butwaa. Lililowachoma wengi zaidi ni urafiki wa muda mrefu kati ya Mitterrand na René Bousquet, mkuu wa polisi wa Vichy aliyesimamia msako wa maelfu ya Wayahudi jijini Paris mnamo Julai 1942.

Baada ya vita alipanda ngazi upesi. Alichaguliwa mbunge wa Nièvre mwaka 1946 na akawa waziri mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 30. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani vita vya uhuru wa Algeria vilipoanza Novemba 1954, na alisisitiza kuwa Algeria ni Ufaransa. Akiwa Waziri wa Haki kati ya 1956 na 1957, wapiganiaji uhuru zaidi ya 40 wa Algeria walikatwa vichwa kwa mashine ya kunyongea.

Charles de Gaulle aliporejea mamlakani mwaka 1958, Mitterrand alihamia upinzani na kukaa huko miaka 23. Mwaka 1959 alikaribia kuzama kabisa. Alidai kuwa watu walimmiminia gari lake risasi usiku jijini Paris, kisha mmoja wa waliohusika akatangaza kuwa shambulio hilo lilikuwa la kupanga na kwamba yeye mwenyewe alilijua. Wengi walidhani siasa zake zimekwisha. Miaka sita baadaye alimlazimisha de Gaulle kuingia duru ya pili ya uchaguzi wa urais.

Mwaka 1971 alitwaa uongozi wa Chama cha Kisoshalisti katika kongamano la Épinay, na mwaka uliofuata akaafikiana na Wakomunisti kuhusu mpango wa pamoja wa serikali. Alishindwa kwa pembamba na Valéry Giscard d'Estaing mwaka 1974. Walipokutana tena Mei 10, 1981, Mitterrand aliibuka mshindi kwa asilimia 51.76 ya kura.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa mbio. Benki na makampuni makubwa yalitaifishwa, Wakomunisti wanne wakateuliwa mawaziri, wafanyakazi wakaongezewa likizo na umri wa kustaafu ukashushwa hadi miaka 60. Mnamo Oktoba 1981 hukumu ya kifo ilifutwa, ingawa kura za maoni zilionyesha kuwa wananchi wengi walitaka idumu. Hatua hiyo ilichukuliwa na waziri yuleyule wa zama za Algeria.

Uchumi haukumngoja. Sarafu ya faranga ilipunguzwa thamani mara tatu kufikia Machi 1983, na serikali ikalazimika kufunga mkaja. Mwaka 1985 makachero wa Ufaransa waliizamisha meli ya wanamazingira ya Rainbow Warrior katika bandari ya Auckland, New Zealand, na kumuua mpiga picha mmoja. Waziri wa Ulinzi, Charles Hernu, alijiuzulu, rais alibaki. Ikulu nayo ilikuwa na kikosi kilichosikiliza simu za wanahabari na waandishi kinyume cha sheria, kwa sehemu ili habari za Mazarine zisivuje.

Hata hivyo, alichaguliwa tena mwaka 1988 kwa asilimia 54, akimbwaga Jacques Chirac. Wafaransa walimwita Tonton, yaani mjomba. Pamoja na Helmut Kohl wa Ujerumani aliusukuma Mkataba wa Maastricht wa 1992, uliozaa sarafu ya euro.

Barani Afrika, wengi walitarajia Msoshalisti huyo angevunja uhusiano wa zamani kati ya Paris na watawala wa kiimla. Haikuwa hivyo. Katika mkutano wa La Baule mnamo Juni 1990 alihusisha misaada na demokrasia, lakini miezi minne baadaye alituma wanajeshi Rwanda kumwokoa Rais Juvénal Habyarimana dhidi ya waasi wa RPF waliovamia kutoka Uganda. Paris iliwaona waasi hao kama mkono wa mataifa yanayozungumza Kiingereza, na ikaendelea kulifunza na kulipa silaha jeshi la Habyarimana licha ya ripoti za mauaji ya Watutsi.

Ndege iliyotunguliwa Kigali usiku wa Aprili 6, 1994, ikimrejesha Habyarimana kutoka Dar es Salaam, iliendeshwa na marubani Wafaransa. Katika siku 100 zilizofuata, watu wapatao 800,000 au zaidi waliuawa. Ufaransa ilituma kikosi cha Turquoise mwishoni mwa Juni, kikiingia kupitia Zaire. Kiliokoa maisha ya maelfu, lakini wahusika wengi wa mauaji walipenyea eneo lake na kukimbilia ng'ambo. Huko Bisesero, wanajeshi walikutana na Watutsi waliokuwa wakiwindwa, wakaondoka na kurudi siku tatu baadaye. Mamia walikuwa wamekwisha kuuawa.

Tume ya wanahistoria iliyoongozwa na Vincent Duclert ilihitimisha Machi 2021 kuwa Ufaransa ilibeba wajibu mzito, na kwamba Mitterrand na washauri wake walipuuza maonyo waliyopewa. Haikupata ushahidi kuwa ilishiriki katika njama ya mauaji hayo. Miezi miwili baadaye Rais Emmanuel Macron alikiri wajibu huo jijini Kigali, bila kutamka neno la kuomba radhi moja kwa moja.

Wakati wa maamuzi hayo Mitterrand alikuwa mgonjwa mahututi. Saratani ya tezi kibofu iligunduliwa mwishoni mwa 1981, miezi michache tu baada ya kuapishwa. Aliyekuwa ameahidi kutangaza hali ya afya yake mara kwa mara alitoa taarifa zilizoficha ugonjwa huo kwa miaka 11, hadi alipofanyiwa upasuaji Septemba 1992. Aliondoka madarakani Mei 1995 na kufariki Januari 8, 1996.

Siku chache baada ya mazishi, daktari wake, Claude Gubler, alichapisha kitabu kufichua udanganyifu huo, akidai kuwa kufikia mwishoni mwa 1994 rais hakuwa tena na uwezo wa kutawala. Familia ilienda mahakamani na kitabu kikapigwa marufuku. Mwaka 2004 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kuwa kuendeleza marufuku hiyo kulikiuka uhuru wa kujieleza.