Mwalimu wa Pugu na Fasihi Linganishi

Pugu, katika vilima vya kusini-magharibi mwa jiji la Dar es Salaam, hutajwa zaidi katika historia ya siasa, kwa kuwa katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Fransisko, ambayo leo ni Shule ya Sekondari Pugu, ndipo Julius Nyerere alipofundisha tangu 1953, baada ya kurejea kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, hadi 1955 alipoacha kazi na kuitumikia TANU. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi naye ana sababu ya kupakumbuka, kwani mwalimu huyo wa historia ndiye aliyekuja kuzitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na tafsiri hizo zinaonyesha vizuri kazi ya taaluma iitwayo fasihi linganishi.

Fasihi linganishi huchunguza kazi za fasihi kwa kuvuka mipaka ya lugha, taifa au utamaduni mmoja. Kuorodhesha yanayofanana katika vitabu viwili ni kazi nyepesi. Mlinganishi hutakiwa aeleze kwa nini yanafanana na, lililo gumu zaidi, kwa nini yanatofautiana. Mkabala wa Kifaransa, ambao Paul Van Tieghem aliueleza katika kitabu chake cha 1931, ulisisitiza athari, yaani ushahidi wa kihistoria kwamba mwandishi mmoja alichota kwa mwingine. René Wellek, katika hotuba aliyoitoa Chapel Hill, Marekani, mwaka 1958, aliushutumu mkabala huo kwa kuifanya taaluma kuwa hesabu ya biashara ya nje baina ya fasihi za mataifa, huku kazi yenyewe ya sanaa ikisahauliwa. Nairobi nako, mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban Lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliuliza swali ambalo Wazungu hao hawakuwa wameliuliza: anayelinganisha amesimama wapi?

Swali hilo hujibika vyema kwa mfano wa tamthilia ya Kaizari. Plutarch aliandika habari za Kaizari kwa Kigiriki, Jacques Amyot akazitia katika Kifaransa mwaka 1559, Thomas North akazitoa katika Kifaransa hicho na kuzitia katika Kiingereza mwaka 1579, na humo ndimo Shakespeare alimochota. Kwa hiyo, tafsiri ya Nyerere ilipotoka mwaka 1963 haikuwa mgeni aliyeingia katika nyumba ya Waingereza, bali msafiri mwingine katika njia iliyokwisha kupitwa na wengi. Toleo la kwanza liliitwa *Julius Caezar*. Lile la 1969 likawa *Juliasi Kaizari*, na utohozi huo, yaani kuliandika neno geni kwa sauti za Kiswahili, ni kidokezo cha jinsi mfasiri alivyozidi kuiamini lugha yake.

Lakini mfano wenye utajiri zaidi ni *Mabepari wa Venisi* wa 1969. Neno bepari limetoka katika lugha za Bara Hindi, Kigujarati kikiwemo, ambako asili yake ni mfanyabiashara. Kwa kipimo hicho tafsiri ni sahihi kabisa. Miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, hata hivyo, msomaji wa Tanzania alilisikia neno hilo kama jina la mnyonyaji. Tena Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, ilhali Nyerere alitumia wingi, hata Shailoki na Antonio wakaangukia katika kundi moja. Anayeliita jambo hili kosa la tafsiri amelisoma nusu, maana hapo ndipo tamthilia ya London ya karne ya 16 inapoanza kuijadili Tanzania ya Ujamaa.

Upo pia upande wa fani. Nyerere aliifuata mistari ya Shakespeare isiyo na vina, katika lugha ambayo wengi walishikilia kwamba shairi ni vina na mizani, na alifanya hivyo miaka kadhaa kabla ya *Kichomi* cha Kezilahabi, cha 1974, kuchochea mabishano ya ushairi huru. Wanaoandika historia ya mabishano hayo humtaja Nyerere mara chache, na hilo ni pengo.

Wahadhiri wa fasihi wanaombwa basi wawape wanafunzi wao matoleo yote mawili ya Kaizari, la 1963 na la 1969, wayasome sambamba na Kiingereza chake kabla ya kufungua kitabu chochote cha nadharia.